Asiyesikia la Mkuu: Mtoto Kiziwi na Kiswahili cha Darasani

Methali "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" nimefundishwa mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tano, kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Mara ya pili nilikuwa sekondari, mwalimu akitaka tuone jinsi "mkuu" na "guu" yanavyolingana kwa sauti. Mara ya tatu ilikuwa hapa Juba, mwaka wa pili wa chuo, katika somo la fasihi simulizi. Mara zote tatu maelezo yalikuwa yale yale: methali hii inafundisha utii. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninachotaka kuhakiki katika insha hii ni jambo lililo chini yake. Kiswahili cha darasani kimejengwa juu ya kitenzi kimoja, "sikia". Je, kitenzi hicho kinamfanya nini mtoto ambaye masikio yake hayasikii?

Mtoto wa namna hiyo ninaye nyumbani, ni mdogo wangu. Aliugua homa ya uti wa mgongo hapa Juba, kiangazi kile kilichoanza na vita vya Desemba 2013, akiwa na miaka mitano. Akapona. Madhara yaliyobaki hatukuyatambua mapema, kwa sababu tulikuwa safarini, na kwa sababu mtoto aliyekwisha kujua kusema hasahau kusema kwa siku moja. Aliendelea kumwita mama, kuomba maji, hata kuimba, kwa sauti iliyopanda na kushuka bila mpango. Majirani wakasema huyu anasema vizuri tu, kinachomsumbua ni kiburi.

Tulipofika kambini akaandikishwa shule. Kengele ya mapumziko ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mtini. Ikigongwa, wenzake wanakimbia. Yeye, kama amewapa mgongo, anabaki akichora mchangani. Akichelewa anachapwa. Mwalimu wa zamu alikuwa na desturi ya kusindikiza kila kiboko na ile methali: nusu ya kwanza mkono ukipanda, nusu ya pili ukishuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja nikajikaza, nikamwendea.

"Mwalimu, mdogo wangu hasikii."

"Najua hasikii. Namjua sana."

"Hapana, mwalimu. Hasikii kabisa."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana nami kwa dhati, akasema dawa ya wasiosikia kabisa anayo.

Kisa hiki nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha miezi michache, nyumbani tukisema Kiarabu cha Juba, na nililichukua neno pekee nililokuwa nalo. Yeye naye alichukua maana iliyokuwa karibu. Sarufi ya sentensi yangu haikuwa na kosa. Hata leo mhadhiri angeipa alama zote. Ila neno nililolipeleka kumtetea mdogo wangu ndilo lililomtia hatiani.

Tazama ukoo wa kitenzi hiki. Mtoto anayesifiwa kwenye ripoti ya shule huitwa msikivu. Watu wanaopatana husikilizana. Mtundu "hasikii wala haambiliki". Mkaidi aliyezidi hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Anayepuuza ushauri ametia pamba masikioni, na akishindikana kabisa yeye ni sikio la kufa, ambalo halisikii dawa. Katika mifano hii yote sikio limepewa kazi ya moyo na ya akili. Adabu, utii, mapatano na uelewa vimehamishiwa kwenye kiungo kimoja cha mwili, na siku kiungo hicho kinapoharibiwa na homa, mwenye nacho anaonekana amepungukiwa na vyote vinne kwa pamoja. Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Kiarabu nacho hukuunganisha kusikia na kutii. Lakini mimi nasoma Kiswahili, na fimbo niliyoiona ilikuja na Kiswahili.

Najua nitajibiwa kwamba hizi ni sitiari, na kwamba hakuna anayemfikiria kiziwi anapozitumia. Nakubali, na kwangu tatizo liko hapo hapo. Sitiari inayojulikana kuwa ni sitiari haina madhara makubwa. Inayodhuru ni ile iliyozeeka mpaka ikageuka kuwa maana ya kawaida, hivi kwamba mtu akisema "hasikii" wa kwanza kuja akilini ni mtoto mkaidi, na kiziwi anangoja mlangoni.

Mwaka jana darasa letu lilifanya semina juu ya istilahi zenye staha. Mjadala ulikuwa moto. Wengi walisema neno "kiziwi" liondolewe kwa sababu kiambishi ki- kinamshusha mtu kuwa kitu. Wakataja kipofu, kiwete na kilema kama ushahidi. Wakapendekeza "mtu mwenye ulemavu wa kusikia" au, kwa ufupi, "asiyesikia". Nilinyamaza siku ile, nikiwa bado sijapanga mawazo yangu. Sasa nimeyapanga. Kiambishi hicho hicho kimo katika kijana, kiongozi, kinyozi na kipenzi, na hakuna anayelalamika. Upatanisho wa sarufi nao unamtambua mtu: husemi "kiziwi kimefika", unasema "kiziwi amefika". Viziwi wenyewe nchini Tanzania wamejiundia chama, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Shule iliyofunguliwa Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974 inaitwa Buguruni Viziwi, nao wanaosoma pale hawajifichi nyuma ya jina. Neno linalowaudhi kweli ni "bubu", kwa kuwa linawanyima sauti ambayo wengi wao wanayo, na linasahau lugha iliyo mikononi mwao. Hilo naafiki liachwe.

Ila lile pendekezo la heshima, "asiyesikia", lisome tena. Ndilo neno la kwanza la methali yetu. Tulitaka kumpa mtoto jina la staha tukampa jina la yule anayevunjika guu. Semina nzima ilipigana na kiambishi ikakiacha kitenzi kipite.

Kitenzi hicho hakikuishia kwenye methali. Kimeingia katika namna tunavyofundisha, hata pale tunapotaka kusaidia. Ushauri ambao mwalimu wa kawaida hupewa kuhusu mtoto kiziwi ni miwili: paza sauti, na mkalishe mbele. Yote miwili inadhani kwamba tatizo ni sauti kutofika, na kwamba ikisukumwa zaidi itafika. Kwa mtoto ambaye usikivu umepungua kidogo huenda ikafika. Kwa aliyepoteza usikivu wote kwa homa ya uti wa mgongo, unapaza sauti kwenye nyumba isiyo na mtu. Hata shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, hukuza sauti bila kuisafisha, na makelele ya watoto themanini hukuzwa pamoja na maneno ya mwalimu. Halafu betri ikiisha nani atainunua?

Kuna wanaosema atasoma midomo. Msomaji, fanya jaribio hili. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: mama, baba, papa. Midomo inafunga na kufunguka vile vile mara zote tatu. Jicho haliwezi kuzitofautisha m, b na p, kwa sababu tofauti yake iko puani na kooni, na sauti k na g hutengenezwa nyuma kabisa ambako jicho halifiki. Mtoto anayesoma midomo anabahatisha kwa kufuata muktadha, na ili aujue muktadha inambidi awe tayari anaijua lugha. Mtu mzima aliyepoteza usikivu ukubwani anaweza kubahatisha vizuri. Wa darasa la kwanza atabahatisha nini? Tena mwalimu mwenyewe nusu ya kipindi anazungumza huku akiandika ubaoni, mgongo ukiwa kwa wanafunzi.

Hiyo nafasi ya mbele nayo ina kasoro nyingine ambayo mdogo wangu ndiye aliyenieleza. Ukikaa mbele unamwona mwalimu tu. Mwenzako aliye nyuma akijibu swali, darasa likicheka, mwalimu akimkemea mtu, wewe unaona uso wa mwalimu ukibadilika bila kujua kwa nini. Anasema alikuwa akigeuka kila mara kutafuta kinachotokea, na kugeuka huko kukaandikwa kuwa utovu wa nidhamu. Nafasi anayoipendelea ni ya pembeni, karibu na ukuta, madawati yakipangwa kama mwezi mwandamo, awaone wote kwa mtupo mmoja wa macho. Hilo halina gharama, ni kusogeza madawati tu.

Tuliporudi Juba alisoma kwa muda katika shule moja ya kawaida, si mbali na kwetu Hai Cinema. (Kwa wenzangu wa pwani mtakaosoma jina hili: "hai" hapa ni Kiarabu, maana yake ni mtaa. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliwahi kunisifia kwamba tunaishi katika sinema iliyo hai.) Nilimuuliza ni siku zipi alizipenda katika shule ile. Sikutegemea jibu lake. Alizipenda siku za mvua. Paa lilikuwa la mabati, halina dari, na mvua ya Juba ikishuka juu ya mabati mwalimu anaweza kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame na asisikike hata dawati la pili. Basi mwalimu alikuwa akikata tamaa. Anaandika kila kitu ubaoni, anaonyesha kwa kidole, anahesabu kwa vidole, anamgusa mwanafunzi begani amwite mbele, anauliza kwa nyusi. Wanafunzi nao wanajibu kwa mikono. Kwa nusu saa darasa zima lilikuwa likifundishwa kama alivyostahili kufundishwa yeye siku zote. Mvua ikikatika, mwalimu anafuta ubao, anarudi kwenye sauti yake.

Naona kisa hiki kinatosha kuwajibu wanaosema mwalimu wa kawaida hawezi bila mafunzo ya miaka. Mafunzo yanahitajika sana, nitayafikia. Lakini mwalimu yule alikuwa na mbinu kadhaa tayari mikononi, na alizitumia pale tu uziwi ulipokuwa wa wote. Hata zile filamu bubu za zamani zilikuwa na maandishi katikati ya picha, maana waliozitengeneza walijua kuwa mtazamaji hasikii na hawakumwona kuwa na kosa.

Hapa nije kwenye Kiswahili chenyewe kama somo, maana sisi ndio tutakaokuwa walimu wake. Tuna fahari moja tunayoirudia kila mahali: Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ni kweli, na kwa mtoto anayesikia ni neema. Akishajua herufi na silabi, katika miezi michache anasoma. Kwa mtoto kiziwi neema hiyo haipo. Hana sauti ya kuilinganisha na herufi. Neno "ndizi" kwake ni mchoro wa alama tano, kama lilivyo neno la Kichina kwako na kwangu, na lazima alipate kwa kuliona likiwa limeshikana na tunda au na ishara yake. Vitabu vyetu vya kuanzia kusoma, vyenye ba be bi bo bu katika ukurasa wa kwanza, vinamfungia mlango kabla hajaingia.

Kisha kuna viambishi. Mdogo wangu herufi alianzia Kenya, kwa hiyo huniandikia kwa Kiswahili, kikichanganyika na Kiingereza cha shule ya viziwi aliyopelekwa Uganda baadaye. Ujumbe wake mmoja wa hivi karibuni ulisema: "Soko mimi enda. Nyanya hakuna. Wewe rudi lini." Mwalimu wa lugha angeujaza wino mwekundu. Mimi kama mhakiki nauona una mantiki kamili. Mada imetangulia, mtendaji amefuata, kitendo kimefuata, jambo ambalo ni la kawaida katika lugha za ishara. Kilichokosekana ni vile vipande vidogo vya ndani ya kitenzi: ni-, na-, li-, ta-. Mtoto anayesikia hakufundishwa vipande hivyo na mtu. Amevisikia mara elfu kumi kabla ya kufika shule. Ndiyo maana walimu wetu husahihisha kwa kusema "hiyo inasikika vibaya", na ndiyo maana sahihisho hilo halimfai mdogo wangu kwa lolote. Neno "hatukuwaona" lina vipande sita: ha-tu-ku-wa-on-a. Kila kimoja kina kazi, na ni vigumu kuvitofautisha kwa kutazama mdomo.

Chuoni uchanganuzi wa mofimu ulinichosha kama ulivyowachosha wengi wenu. Nilikuwa nikichora yale majedwali nikijiuliza yatamfaa nani. Likizo iliyopita nilikata maboksi, nikaandika kila kiambishi kwenye kipande chake: nafsi kwa wino mwekundu, wakati kwa bluu, mtendwa kwa kijani, mzizi kwa mweusi. Tukakaa uani, mdogo wangu na mimi, tukipanga vitenzi chini kama watu wanaocheza dhumna. Nafsi na wakati alivishika kwa jioni mbili. Ukanushi ulitushinda. Kwamba "ni-" na "ha-" vikikutana vinageuka "si-" alikuona ni uonevu, na kusema kweli sikuwa na jibu la kumridhisha. Lakini jumbe zake zilianza kuja na "ninaenda" na "nilienda", na alijua kwa nini. Sidai kwamba nimegundua mbinu mpya. Nasema tu kwamba elimu ya kumsaidia ilikuwa ndani ya taaluma yetu muda wote, nasi tunaifundisha kwa ajili ya mtihani.

Nchini Kenya, katika mitihani ya kitaifa, mtahiniwa kiziwi hufanya karatasi ya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Naunga mkono nusu ya kwanza ya utaratibu huo kwa moyo wote: lugha ya ishara ni lugha kamili, yenye sarufi yake, na inastahili karatasi yake. Neno "badala" ndilo linaloniwasha. Mtoto anaachiliwa kutoka Kiswahili kama mtu anayesamehewa deni, na sisi wa Kiswahili tunashusha pumzi kwa sababu hatutaulizwa tena jinsi ya kumfundisha. Atasoma Kiingereza cha maandishi, maana hicho hakina badala. Ataishi katika nchi ambayo mabango, magazeti na jumbe za simu vimejaa Kiswahili, akiwa mgeni ndani yake. Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, mtoto kiziwi hana budi kukutana nacho kwenye ukurasa. Hapo ndipo wanaisimu wa Kiswahili wangepaswa kuwa wamejaa.

Hata jina la lugha yenyewe tunalitaja tofauti: Kenya ni lugha ya ishara, Tanzania ni lugha ya alama. Sioni ubaya katika hilo, maana lugha hizo zenyewe ni tofauti, na mdogo wangu anayetumia ile ya Uganda huwafuata Wakenya kwa shida kidogo. Ubaya ni lugha kukosa jina kabisa. Ibara ya 6 ya Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya 2011 inazitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa, inakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia katika ngazi zote, kisha inaahidi kwamba dola itaendeleza lugha ya ishara kwa manufaa ya watu wenye mahitaji maalumu. Niisome ahadi hiyo kama ninavyosoma shairi. Kwanza, viziwi hawatajwi. Wamewekwa katika kapu la "mahitaji maalumu" pamoja na asiyeona, ambaye lugha ya ishara haimsaidii kitu. Pili, lugha inayoahidiwa haina jina. Ni lugha fulani ya ishara, itakayokuja. Uganda katika katiba yake ya 1995 nayo haikuipa lugha jina, lakini angalau iliwataja viziwi. Kenya mwaka 2010 ilifanya mambo mawili: ibara ya 7 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, na ibara ya 120 inaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kitu chenye jina kinaweza kuandikiwa kamusi, kuajiriwa walimu, kutungiwa mtihani. Kisicho na jina kinaahirishwa.

Ila nisije nikaipamba Kenya kupita kiasi. Mdogo wangu alichapwa mwaka 2014, katika nchi yenye katiba hiyo.

Nilisema nitafikia mafunzo ya walimu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milan, Italia, wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na ishara ziondolewe darasani. Karibu wote waliopiga kura walikuwa wanaosikia. Ilichukua miaka 130, hadi mkutano wa Vancouver mwaka 2010, kwa warithi wa mkutano ule kuutangazia ulimwengu majuto yao. Katikati ya miaka hiyo alitokea Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1925. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, homa ya uti wa mgongo ilimfanya kiziwi. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, na mwaka 1957 alikuja Ghana kufungua shule, kisha akaendelea nchi baada ya nchi barani, akiwaandaa viziwi kuwa walimu wa viziwi, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Mama yetu, nilipomsimulia habari zake, hakujali shahada wala idadi ya shule. Aliuliza mara mbili: ni ugonjwa ule ule?

Ni ugonjwa ule ule, mama. Na shule ya Uganda aliyopelekwa mdogo wangu ilikuwa na mwalimu kiziwi. Alikuwa na miaka kumi, na kwa mara ya kwanza alimwona mtu mzima aliye kama yeye, mwenye mshahara, mke na pikipiki. Kabla ya hapo alidhani kwamba viziwi ni watoto tu, kwamba akikua atakuwa anasikia. Mafunzo ya walimu wanaosikia nayaona ya lazima, lakini siyapi uzito sawa na hilo. Hakuna semina ya siku tatu itakayompa mtoto kile alichopewa na mtu yule kwa kuingia tu darasani.

Nimekisema vibaya kitenzi "sikia" kwa kurasa kadhaa, na haki inanidai niseme upande wake mwingine. Waswahili husikia njaa. Husikia baridi, harufu, uchungu, usingizi. Katika lugha hii mtu husikia kwa ngozi, kwa pua na kwa tumbo. Sikio ni mlango mmoja kati ya mingi. Kwa kipimo hicho mdogo wangu anasikia. Jenereta la jirani likiwashwa huweka kiganja ukutani na kuniambia limeanza kuchoka. Tena kitenzi cha kufikiri katika Kiswahili ni "naona", na mwanafunzi mwenye akili tunamwita mwepesi wa kushika. Jicho na mkono vimo ndani ya lugha tayari, vikiwa na kazi ya heshima. Mtungaji wa kitabu cha darasa la kwanza angeweza kuanzia hapo.

Nilipokuwa nikiandika insha hii nilijaribu kumtafsiria mdogo wangu ile methali. Tulikuwa tumekaa uani, jua linazama, na ilinibidi niigawanye: kuna mtu mkubwa, anaheshimiwa, amesema neno, kijana hakulisikia, kijana amevunjika mguu. Alinitazama mpaka mwisho. Akauliza yule mkubwa alikuwa wapi wakati anasema. Nikamwambia methali haisemi. Akauliza kama kwanza alimgusa kijana begani, ageuke. Nikasema hilo nalo methali haisemi. Akanishangaa, akachukua vipande vyake vya boksi, akaendelea kupanga "si-".